Hatari Zinazoanzia Nchi Kavu: Mhadhara juu ya Wavuvi wa Ziwa Victoria

Ziwa Victoria, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, limegawanyika kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, ambapo Tanzania ina karibu nusu ya maji yote, Uganda sehemu kubwa ya nusu iliyobaki, na Kenya asilimia 6 tu. Kando ya maji hayo na katika visiwa vyake kuna mamia ya mialo, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hupakua samaki na wachuuzi hukutana na wavuvi, na ambako kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini sasa vijana wasio na shamba wala ajira wamekuwa wakienda kutafuta maisha. Mhadhara huu unawahusu watu wa mialo hiyo, na hoja yake ni kwamba matumaini ya mvuvi na hatari zinazomkabili vina chimbuko moja, nalo liko nchi kavu zaidi kuliko majini: liko katika mapatano yasiyoandikwa ambayo huamua, kabla mtumbwi haujasukumwa, samaki ambaye bado hajavuliwa ni mali ya nani na hasara ya usiku huo itabebwa na nani.

Ili kuelewa kwa nini watu humiminika mialoni, ni lazima kuanza na samaki mmoja. Sangara, ambaye upande wa Kenya huitwa mbuta na upande wa Uganda mputa, hakuwa samaki wa asili wa ziwa hili. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa matarajio kwamba angewala furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi waliokuwa wa mamia ya aina na ambao soko la wakati ule halikuwathamini, na kuwageuza kuwa nyama nyingi ya samaki mkubwa. Kwa miaka mingi hakuonekana kuwa na athari kubwa, lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika muongo uliofuata aliongezeka kwa kasi iliyowashangaza wataalamu na wavuvi wenyewe, huku aina nyingi za furu zikitoweka, nyingine zisionekane tena hadi leo. Mwanzoni wanawake wa mialoni hawakumpenda, kwa sababu mafuta yake mengi hayamruhusu kukaushwa juani kama walivyozoea kuwakausha furu, hivyo akahitaji kukaangwa au kubanikwa kwa moshi, na kuni zikapanda thamani visiwani. Viwanda vya kukata minofu vilipojengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na katika miji ya Uganda, na ndege za mizigo zilipoanza kupeleka minofu hiyo Ulaya, samaki aliyekataliwa akawa zao la kuleta fedha za kigeni, na jina la Mwanza likajulikana kwa sangara kuliko kwa pamba.

Ulinganisho na pamba una maana yake. Mkulima wa Usukumani hupanda, hupalilia, huvuna, kisha husubiri mnunuzi afike na bei itangazwe, na kati ya mbegu na fedha hupita miezi mingi ambayo mvua yaweza kukosekana. Mvuvi huondoka jioni, na asubuhi ana fedha mkononi. Kijana wa Kagera, Geita, Mara au Simiyu ambaye shamba la baba limegawanywa mpaka halitoshi hahitaji hati wala cheti cha shule ili apokewe mwaloni. Huhitaji mikono yenye nguvu na mtu wa kumdhamini kwa maneno. Fedha hiyo ya kila siku imejenga nyumba za matofali na kulipa ada za shule, imewapa mtaji mafundi wa mitumbwi, wauza barafu, mama lishe, mafundi wa injini na washona nyavu, na imewafanya baadhi ya waliokuja na begi moja kuwa wenye mitumbwi yao wenyewe. Wanaowatazama wavuvi kama watu wasiojua kesho yao hukosea, kwa kuwa kijana anayekwenda kisiwa cha Goziba au Ukara amefanya hesabu zake na kuona kwamba mahali pengine popote anapoweza kufika hapatampa nafasi ya kupanda ngazi haraka namna ile. Ngazi hiyo ipo kweli, ingawa vipandio vyake vimekuwa vikipungua.

Jambo lililodhihirisha udhaifu wa ngazi hiyo ni marufuku ya Ulaya. Kuanzia mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya iliweka vizuizi dhidi ya samaki wa ziwa hili, kwanza kwa sababu ya vijidudu vya salmonela, kisha kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa sababu ilibainika kuwa baadhi ya wavuvi walitumia sumu za kuulia wadudu kuulia samaki. Viwanda vilipunguza kazi au vikafunga milango, bei ya sangara mwaloni ikaporomoka, na watu ambao hawakuwahi kuona maabara wala kusikia jina la kijidudu hicho wakajikuta wanalipa gharama ya uamuzi uliofanyika mbali sana na fukwe zao. Marufuku iliondolewa baada ya viwanda kusafishwa, ukaguzi kuimarishwa na baadhi ya mialo kujengewa sakafu na vyumba vya kupokelea samaki. Mpangilio wa mamlaka katika biashara yenyewe, hata hivyo, haukuguswa, nao ndio unaostahili kuchunguzwa kwa utulivu.

Mwenye mtumbwi huitwa tajiri, hata kama mali yake yote ni mtumbwi mmoja wa mbao na nyavu zilizochakaa. Wengi wa matajiri hao hawana akiba ya kununua injini, nyavu na mafuta, na benki hazipendi kukopesha kwa dhamana ya chombo kinachoweza kuzama au kuibwa. Anayejaza pengo hilo ni wakala, yaani mnunuzi anayekusanya samaki kwa niaba ya kiwanda au ya mfanyabiashara mkubwa aliye mjini. Wakala hutoa injini, nyavu, mafuta au barafu kwa mkopo, na mkopo huo kwa kawaida hauna riba inayotajwa. Kinachotozwa ni uhuru wa kuuza. Tajiri aliyekopa hawezi kumpelekea samaki wake mnunuzi mwingine hata akipewa bei nzuri zaidi, na wakala ndiye anayepima, ndiye anayetaja bei, na ndiye anayesema samaki yupi anafaa na yupi amelegea. Deni likilipwa, jingine huchukuliwa, kwa sababu nyavu huchakaa, huchanika na huibwa, na kwa sababu kuwa na deni kwa wakala ndiyo njia ya uhakika ya kupata mafuta siku ambayo mfuko ni mtupu. Si haki kumchora wakala kama adui tu, kwa kuwa bila fedha yake mitumbwi mingi isingeondoka ufukweni kabisa, naye mwenyewe mara nyingi amebanwa na deni la kiwanda. Hata hivyo mfumo mzima unateremsha hasara kutoka kwa mwenye nguvu hadi kwa asiye nazo, na wa mwisho kuipokea ni baharia.

Baharia, kwa lugha ya mialoni, ni kijana anayevua kwa mtumbwi wa tajiri. Mara nyingi hana mshahara, wala mkataba ulioandikwa, wala bima. Samaki wakiuzwa, gharama za mafuta, barafu na chakula huondolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na mabaharia kwa desturi ya mwalo husika, na gharama zikizidi mapato baharia hurudi mikono mitupu baada ya kukesha. Kuna kipengele kimoja cha mgawanyo huo kinachoonyesha kwa uwazi nani huona thamani ya samaki na nani haioni. Ndani ya tumbo la sangara kuna bondo, yaani kifuko cha hewa kinachomsaidia kuelea, ambacho hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong, na kilo moja ya mabondo makavu huuzwa kwa bei inayozidi mara nyingi bei ya kilo ya minofu. Sangara akinunuliwa mzima kwa uzito wake, bondo huondoka pamoja naye, na kijana aliyemvuta kutoka kilindini hulipwa kana kwamba kitu hicho hakikuwemo. Vilevile mabaki ya kiwandani, kichwa na mifupa ambavyo Mwanza huitwa mapanki, yamekuwa kitoweo cha watu ambao bei ya mnofu imewapita kimo. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki hayo kwa ulimwengu, na mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi madai ya silaha ndani ya ndege na heshima ya taifa, na kwa bahati mbaya swali la bei ambayo mvuvi hulipwa lilisahaulika katikati ya kelele hizo.

Uvuvi wa dagaa unafuata kalenda tofauti, nao unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa siku hizi ndio unaolisha watu wengi zaidi. Dagaa, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, huvuliwa usiku wa giza, katika siku ambazo mbalamwezi haiwaki, kwa sababu huvutwa na mwanga wa taa, na mwezi mpevu huharibu mvuto huo. Taa, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa na sasa mara nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa umeme wa jua, huwekwa juu ya maboya ya mbao na kuachwa zikielea moja baada ya nyingine, mpaka ufukweni mtu anaona mstari wa nuru unaofanana na barabara ya mji. Mtumbwi huziendea moja moja. Wavu wenye matundu madogo hushushwa kuizunguka taa, vijana huuvuta kwa mikono wakiwa wamelowa, na mmoja wao haachi kopo lililokatwa kutoka dumu la mafuta ya kupikia, kwa maana maji huingia kupitia viungo vya mbao vilivyozibwa kwa pamba, na akiacha kuyachota kwa muda mrefu mtumbwi uliojaa dagaa hukaribia usawa wa maji. Hali hii huendelea hadi alfajiri. Zikifika siku za mbalamwezi kazi husimama, fedha husimama, na madeni ya dukani huanza kuandikwa upya.

Ni katika saa hizo hizo za usiku ambapo ziwa huwa na hatari zaidi, na sababu yake inaeleweka vizuri katika elimu ya hali ya hewa. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji, hewa hupanda juu ya nchi kavu, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda pwani zake. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa haraka, maji hubaki na joto lake, na pepo kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati, ambako hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba kali za Ziwa Victoria hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na asubuhi, wakati ambapo mitumbwi ya dagaa iko kwenye taa zake na ya sangara inatega au kutegua nyavu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi, na ambayo yametumiwa hata na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ni kwamba kati ya watu 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka. Upana wa makadirio hayo ni ushahidi wenyewe: watu elfu mbili wanaweza kuwemo au kutokuwemo katika hesabu bila nchi yoyote kati ya zile tatu kuona aibu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, na katika miaka ya karibuni juhudi za pamoja za nchi jirani zimeufanya utabiri huo uwe wa kina zaidi na uwafikie wavuvi kwa redio na simu. Hatua hiyo ni ya kusifiwa. Lakini utabiri humsaidia mtu mwenye uwezo wa kubaki nyumbani, na hapo ndipo deni lililoelezwa hapo juu linapogeuka kuwa suala la uhai. Tajiri aliyekwisha kununua mafuta kwa fedha ya wakala, ambaye giza la mwezi huu limebakiza siku chache na ambaye barafu yake inayeyuka, huliangalia wingu jeusi na kuhesabu. Baharia asiye na mshahara akikataa kuondoka, yupo mwingine ufukweni anayesubiri nafasi yake. Hali ni hiyo hiyo kuhusu jaketi okozi, yaani vazi linalomfanya mtu aelee. Sheria hulidai, semina hulihimiza, na wanaolaumu wavuvi kwa kutolivaa husema ni ukaidi. Wavuvi hueleza kwamba huleta joto, hukwamisha mikono wakati wa kuvuta wavu na lililo imara ni ghali. Linalotajwa kwa nadra zaidi ni kwamba haijulikani nani anapaswa kulinunua: tajiri husema baharia huhama mtumbwi hadi mtumbwi na ataondoka nalo, baharia husema chombo ni cha tajiri, na wakala, ambaye ndiye mwenye fedha, haulizwi kabisa.

Ziwa hili limewahi kuyaliza mataifa kwa misiba mikubwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria, na MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, ambako zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Misiba hiyo ilileta maombolezo ya kitaifa, tume za uchunguzi na vivuko vipya, kama ilivyostahili. Wavuvi hufa kwa namna nyingine: watatu leo Ukerewe, wawili wiki ijayo Muleba, mmoja Suba, na hesabu yao ya mwaka mzima, ambayo kwa makadirio hayo inazidi misiba yote hiyo miwili ikijumlishwa, haishushi bendera nusu mlingoti. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilipoangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 walikufa na 24 wakaokolewa, na waliofika mwanzo kabisa kusaidia walikuwa wavuvi waliokuwa na mitumbwi na makasia. Taifa liliwashukuru kwa dhati. Ni vigumu, hata hivyo, kutoona kilichofichuliwa siku ile, kwamba katika sehemu kubwa ya ziwa uokoaji wa mvuvi ni kazi ya mvuvi mwenzake, na mtumbwi wa jirani usipokuwa karibu hakuna wa kumwita.

Hatari za mwanamke wa mwaloni hazipimwi kwa mawimbi. Yeye ndiye anayenunua dagaa kwa ndoo alfajiri, anayewaanika mchangani au juu ya vichanja, yaani meza za miti zilizotandazwa nyavu kuukuu ambazo huwaepusha dagaa na mchanga, na anayewasafirisha hadi soko la Kirumba jijini Mwanza, ambako wanunuzi wa Congo, Rwanda na Burundi huja kuwachukua pamoja na kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa. Mvua moja ya masika ikinyesha kabla dagaa hawajakauka, mzigo aliotarajia kuuza kwa chakula cha watu huuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku, na fedha iliyonunua mzigo huo mara nyingi ni ya kikundi cha kukopeshana au ya jirani. Samaki wanapokuwa wachache na wanunuzi wengi, fedha pekee haitoshi kumpatia nafasi ya kuuziwa. Katika mialo ya Kenya, hasa miongoni mwa Waluo, kulitokea utaratibu uitwao jaboya, ambapo mchuuzi huingia katika uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili ahakikishiwe samaki. Jina hilo ni la Kenya, lakini jambo lenyewe linajulikana pande zote tatu za ziwa. Wahubiri na watunga sera wamelizungumzia kama tatizo la tabia. Kwa hakika ni bei, bei iliyotozwa mwili kwa sababu mnunuzi hakuwa na mtumbwi, na inapanda kila samaki wanapopungua.

Matokeo yake kwa afya ni mazito. Kasensero, mwalo wa Uganda ulio karibu na mpaka wa Tanzania, ndio unaotajwa kuwa mahali ambapo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini humo walitambuliwa mwaka 1982, na mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Tafiti zilizofanywa baadaye katika mialo ya Uganda zilikuta maambukizi ya virusi kwa zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano, kiwango kilichozidi wastani wa taifa karibu mara tatu. Dawa za kufubaza virusi zimebadilisha hali hiyo kwa kiasi kikubwa, lakini zinahitaji mtu ahudhurie kliniki kwa tarehe, na mvuvi hufuata samaki, leo yuko Kome, mwezi ujao Maisome, huku kadi yake ikibaki katika zahanati ya kwanza. Kichocho cha tumbo nacho, ambacho huletwa na vimelea wanaoishi ndani ya konokono wa maji ya kina kifupi, humpata mtu yeyote anayesimama majini kila siku kusukuma mtumbwi, kuosha dagaa au kuchota maji, hivyo visiwani hupatikana tangu utotoni. Dawa yake, prazikwanteli, ni nafuu na hufanya kazi, ila anayeinywa hurudi katika maji yale yale kesho yake, kwani visiwa vingi vina upungufu wa vyoo na maji ya bomba.

Upo mfano unaoonyesha nini hubadilika umiliki unapobadilika. Katika mwalo wa Nduru, karibu na Kisumu, kikundi cha wanawake wachuuzi kilipata mitumbwi yake kwa msaada wa wafadhili mwanzoni mwa miaka ya 2010, kikaajiri wanaume wa kuvua, na wanachama wake wakaanza kuchukua samaki kama wamiliki badala ya kuwaomba. Kwa miaka kadhaa jaboya ilipungua mwaloni hapo bila semina ya maadili kuhitajika. Kisha mitumbwi ikaanza kuchakaa bila fedha za kuitengeneza, na mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, mafuriko yakaufunika mwalo wenyewe na kuwahamisha wakazi wake. Wengine wameuona mfano huu kuwa wa kushindwa. Usomaji wa haki zaidi ni kwamba wanawake wale walithibitisha dawa inayofanya kazi, kisha wakaachwa bila dozi ya pili.

Serikali za nchi tatu hazijakaa kimya kuhusu kupungua kwa samaki. Mkataba wa mwaka 1994 uliunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao makuu Jinja, na kutokana na kazi yake ziliwekwa kanuni kama ile iliyotaka sangara wachukuliwe wale wa kati ya sentimita 50 na 85 tu, ili wadogo wapate kukua na majike wakubwa, ambao hutaga mayai mengi zaidi, wabaki kuzaa. Kokoro, wavu unaokokotwa kutoka majini hadi ufukweni na kuzoa samaki wachanga katika mazalia yao, umepigwa marufuku, na ni sawa kabisa upigwe marufuku. Tatizo liko katika namna sheria inavyofika mwaloni. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017, na Tanzania iliendesha Operesheni Sangara mwaka 2018, ambapo nyavu haramu nyingi zilikamatwa na kuteketezwa kwa moto. Samaki walihitaji ulinzi huo, na wapo wavuvi waliokiri kwamba baada ya msako huo sangara wakubwa walianza kuonekana tena. Lakini wavu uliochomwa mara nyingi ulinunuliwa kwa mkopo, na moto unaoteketeza wavu hauteketezi deni. Aliyeuingiza nchini, aliyeuuza dukani na aliyekopesha fedha ya kuununua walibaki salama, na kijana aliyekutwa ameushika ndiye aliyepelekwa mahakamani.

Tumaini jipya linalozungumzwa sana ni vizimba, yaani mabwawa ya wavu yanayoelea ziwani ambamo sato hufugwa kwa kulishwa. Kenya ilitangulia kwa wingi, na Tanzania imeanza kukopesha vikundi vya vijana na wanawake, jambo lenye manufaa ya kweli, kwa sababu mfugaji huvuna kwa ratiba aliyojipangia na halazimiki kukesha katikati ya dhoruba. Hata hivyo kizimba kinahitaji mtaji, vifaranga na chakula cha kununua, na maji yenye hewa ya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 2022 upande wa Kenya samaki wengi wa vizimbani walikufa kwa kukosa oksijeni, na wafugaji wadogo wakabaki na mikopo ya samaki waliooza. Aidha kila kizimba kinachofungwa katika ghuba tulivu huchukua eneo ambalo awali lilikuwa la mvuvi wa mtumbwi wa kasia, asiye na injini ya kumpeleka mbali. Iwapo chakula, vifaranga na soko vitashikwa na mnunuzi mmoja aliyetoa mkopo, mfugaji wa kizimba atakuwa katika nafasi ile ile ya tajiri mbele ya wakala, tofauti ikiwa tu kwamba yeye hataondoka na mtumbwi.

Katika Miongozo ya Hiari ya mwaka 2014 ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuhusu uvuvi mdogo, mataifa yalikubaliana kwamba usalama kazini, mgawanyo wa haki wa mapato na nafasi ya wanawake katika biashara ya samaki ni sehemu ya usimamizi wa uvuvi, sawa na kuhesabu samaki. Kwa Ziwa Victoria, kutekeleza makubaliano hayo kungeanza na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko mialoni, ambavyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 vimeundwa ili wavuvi, matajiri na wachuuzi washiriki katika ulinzi wa ziwa, lakini kwa sehemu kubwa vimetumika kama macho ya serikali dhidi ya kokoro. Vikundi hivyo vingeweza kudai mkopo wa wakala uandikwe pamoja na bei au namna bei itakavyopangwa. Vingeweza kudai kwamba anayegharimia injini agharimie pia majaketi ya watu watakaobebwa nayo. Na vingeweza kuandika, kila jioni, majina ya wanaoondoka, mtumbwi wanaopanda na jina la mwenye mtumbwi huo. Jambo hili la mwisho linaonekana dogo kwa mtu wa mjini. Mjane ambaye maiti ya mume wake haikupatikana hutaabika kupata cheti cha kifo, na bila cheti hicho mirathi, shamba, hata salio la simu ya marehemu vinaweza kumpita, na kwa kuwa hakuna karatasi yoyote iliyoonyesha kwamba mume wake alikuwa akimfanyia mtu kazi usiku ule, tajiri humpa rambirambi kwa hiari yake na wakala hamjui kabisa. Katika mialo iliyo rasmi tayari yupo mtu anayeandika kilo za samaki walioshushwa kila asubuhi, kwa ajili ya ushuru na takwimu, na daftari lile lile lina nafasi ya kutosha kuandikwa majina ya waliokwenda kuwavua.